Dalali, heka ya vihatua vya kunyata umeitoa wapi?

Wakuu, nina hasira. Yule dalali wa mashamba, mnamjua, sina haja ya kumtaja, leo kaombwa mbele ya kundi zima apime upya shamba la kukodisha analolinadi kuwa heka moja. Kajibu: "Wewe unataka shamba au unataka hesabu?"

Shamba au hesabu! Mtu anayekula pande zote mbili, kwa mwenye shamba na kwa mkulima, akiombwa hesabu anaona katukanwa!

Heka ni mita za mraba 4,047 hivi. Wengi tunapima hatua 70 kwa 70, na inakubali kama hatua ni ndefu, sentimita 91 hivi. Yule anatembea kama bi harusi anayeingia ukumbini. Hatua ya sentimita 70 inakupa mita 49 kwa 49, yaani mita za mraba 2,401. Mkulima analipia heka, anapewa nusu na kipande. Mbolea kanunua ya heka, akiimwaga yote mle miche inaweza kuungua. Akiuliza: shamba au hesabu?

Na tangazoni kaandika "maji yapo". Maji gani? Mboga wakati wa jua kali zinataka kama milimita 5 za maji kwa siku, yaani lita 5 kila mita ya mraba, kwa heka kamili ni lita 20,000 hivi. Weka ndoo ya lita 20, washa pampu, tazama saa. Ikijaa kwa sekunde 40, hizo ni lita 1,800 kwa saa: pampu itanguruma kwa muda wa saa 11 kila siku. Na usipime asubuhi dakika mbili ukaondoka, kisima kilicholala usiku kucha kinadanganya. Kivute saa kadhaa uone maji yameshuka hadi wapi. Mwambie hivyo dalali, jibu lake mnalijua.

Jembe Butu: Povu lote hili, mkuu, na futikamba zipo? Mita 63.6 kila upande, pigilia vigingi vinne, kona uzinyooshe kwa 3-4-5 (mita 3 upande huu, 4 upande ule, kati ya ncha zake ziwe 5), kalime.

Mleta uzi: Futikamba kaikataa! Eti inamvunjia heshima mwenye shamba. Shamba au hesabu, wakuu, mbele za watu!

Mama Matuta: Vipimo vina nafuu. Kasheshe ni wenye mashamba. Unakodi mwaka mmoja, unang'oa visiki, unamwaga samadi, udongo ukianza kukubali, mwanawe anakumbuka kuwa naye ni mkulima. Andikeni misimu mitatu au zaidi, fidia ya kusafisha shamba iwekwe mle mle, na mazao yaliyosimama yavunwe hata muda ukiisha. Shamba la urithi, wasaini warithi wote, si kaka mkubwa peke yake.

Mwenye Shamba: Na nyinyi wapangaji? Mnapanda nyanya juu ya nyanya mpaka udongo unajaa mnyauko bakteria, mnahama. Kata shina la mche ulionyauka, ning'iniza kipande kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe zikishuka, hapo sahau nyanya, bilinganya na viazi mviringo kwa miaka. Nani ananifidia mimi?

Chipukizi: Wa mahindi nao wanapiga atrazini, dawa ya kuua magugu, anayefuata anapanda maharage. Yanaota vizuri kabisa, kisha majani ya chini yanageuka njano na kukauka kingoni. Kabla ya kulipa, chota udongo sehemu mbalimbali, otesha maharage kwenye makopo, pembeni weka makopo ya udongo usioguswa na dawa. Wiki tatu utajua.

Jembe Butu: Dawa inaisha. Magugu ya ndago je?

Mama Matuta: Ndago usiipelekee trekta la diski, linakata minyororo ya vinundu na kuvitawanya shamba zima. Iache iote vizuri, ipige dawa ya magugu, glifoseti, kabla haijatoa maua, na ujue utarudia.

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa dalali!

Mwenye Shamba: Mama Matuta, hiyo ndago ikiwa na majani mangapi ndiyo unapiga?