Mpunga wangu unatoka chenga mashineni: kosa liko wapi?

Mwanabonde wa Pemba:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninaomba ushauri kwa wanaolima mpunga na kwa wanaoupika, kwani jambo hili limeninyima raha. Ninalima robo eka ya bonde karibu na Wete, kwa mvua za masika, na mavuno ya mwaka huu hayakuwa mabaya. Lakini nilipopeleka polo la kwanza kukoboa, karibu nusu ya mchele ilitoka chenga, na ule uliosalia nilipoupika kwa tui kama ninavyopika siku zote, ulishikana kama uji mzito. Fundi wa mashine anasema mpunga wangu ni mbovu. Mimi ninaona mashine yake ndiyo mbovu.

Mbegu ni Supa niliyoiweka mwenyewe, ingawa jirani alinigawia NERICA kidogo na ninahofia kwamba zimechanganyika. Nieleze pia kwamba nilichelewa kuvuna kwa kiasi cha wiki mbili, kwa sababu vijana wote walikuwa kwenye karafuu, na majamvi yetu nayo yalikuwa yameanikiwa karafuu hizo hizo, hivyo mpunga nikauanika sakafuni uani, ukapatwa na manyunyu mara mbili. Nimebakiwa na mapolo matatu. Je, niyakoboe hivyo hivyo, au iko namna ya kuyaokoa?

Fundi wa Mashine, Unguja:
Wa alaykumu salaam dada. Jibu limo katika maelezo yako mwenyewe. Mashine huvunja zaidi punje ambayo imekwisha kupasuka ndani ya kumvi. Punje iliyokauka ikipata maji tena, upande wa nje hufura kabla ya ndani, na hapo hupata ufa unaoikata kiunoni. Mpunga uliokwisha kuiva ukiachwa shambani hulowa umande kila usiku na kukaushwa na jua kila mchana, kwa hiyo madhara yalianza katika zile wiki mbili, na manyunyu ya uani yakazidisha.

Usinisadiki kwa maneno tu. Chukua punje ishirini, zimenye kwa ukucha taratibu zisivunjike, kisha uziangalie mbele ya tochi ya simu. Punje nzima hupitisha mwanga sawasawa. Iliyopasuka utaiona ina mstari mwembamba uliokingama.

Hata hivyo sizitetei mashine zote. Zile za zamani za chuma huvunja zaidi kuliko za roli za mpira, na fundi akizikaza mno huharibu hata mpunga mzuri. Katika kilo 100 za mpunga, kumvi peke yake ni kama kilo 20, na mchele mweupe ukifika kilo 65 basi kazi imefanyika vizuri.

Mkulima wa Cheju:
Nami niongeze kuhusu mbegu, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapojiponza. NERICA ilizaliwa kwa kuchanganya mpunga wa Asia na ule wa Afrika, na aina zake nyingi huiva kwa siku 90 hadi 100, ilhali Supa huchukua miezi minne au zaidi. Zikiwa pamoja katika bonde moja, ukiisubiri Supa, mwenzake amekwisha kukauka na kupasuka. Ukiiwahi NERICA, Supa bado ni mbichi nayo huvunjika vile vile. Msimu ujao teua masuke ya Supa moja moja kwa mkono kabla ya kuvuna, uyaweke mbali kwa mbegu.

Anza kuvuna pale punje nane katika kila kumi zinapogeuka rangi ya majani makavu, hata kama za chini ya suke zina ukijani. Anika kwa unene wa vidole viwili, geuza mara kwa mara, na uingize ndani kabla ya umande. Ukiing'ata punje ikakatika kwa mlio, imekauka.

Bibi wa Mkoani:
Mwanangu, kuhusu wali usijilaumu. Mchele mpya haunywi maji mengi, nawe uliutilia tui kwa kipimo cha mchele wa zamani. Zipepete chenga kwanza uzitenge, kwa kuwa ndizo zinazourojesha wali, kisha upunguze tui, na likikauka upalie makaa juu ya kifuniko bila ya kukoroga tena. Mpunga ukikaa ndani ya kumvi miezi mitatu au minne, wali wake huchambuka wenyewe. Chenga ziroweke, uzisage, ufanye mkate wa kumimina au vitumbua.

Fundi wa Mashine, Unguja:
Kwa mapolo yaliyobaki, iko njia ya kuchemsha kabla ya kukoboa. Roweka mpunga usiku kucha, umwage maji, uufukize kwa mvuke mpaka kumvi zianze kufunguka, kisha uuanike kivulini polepole. Joto huilainisha punje na kuuziba ule ufa, tena vitamini B1 iliyomo katika ganda la ndani huingia kwenye punje isipotee pamoja na pumba.

Bibi wa Mkoani:
Ni kweli, lakini mchele huo hugeuka manjano na harufu ya Supa hupotea. Asiuchemshe wote. Na wa mbegu asiuguse kabisa, kwani uliochemshwa hauoti.

Mwanabonde wa Pemba:
Ahsanteni sana. Nimemenya punje ishirini kwa tochi, na kumi na tatu zina mstari. Jana nilichemsha pishi nne za majaribio, na leo nimezitwanga kwenye kinu cha mama: chenga hazikujaa hata kiganja. Harufu kweli imepungua, Bibi, na watoto wameliona hilo. Nitachemsha mapolo mawili kwa chakula cha nyumbani, na la tatu nitaliweka juu ya uchaga mpaka mwezi wa Ramadhani. Fundi wetu nimekwenda kumwomba radhi.