Path of Exile 2 bado iko kwenye majaribio, mtu wa Mtwara aanze sasa au asubiri?

baharia_shangani

Wakuu habari za jioni. Nipo Mtwara, Shangani. Juzi nimecheza Path of Exile 2 kwa mshkaji wangu wa Chikongola na toka siku hiyo naiwaza hiyo tu. Nimefika kwa yule bosi wa mwanzo kabisa, Bloated Miller, na hata huyo kanitoa jasho, kila nikimvamia bila kuangalia anavyoinua mkono ananilaza, halafu nikirudi nakuta damu yake imejaa upya naanza moja. Mimi nimezoea zile gemu za kubofya bofya tu kundi zima linayeyuka, hii unabonyeza spesi unajiviringisha, unasubiri apige hewa, ndo unaingia. Nimeipenda sana aisee.

Sasa nataka ya kwangu. Bei ni dola 30 na wenyewe Grinding Gear Games walishasema ikikamilika itakuwa bure. Halafu intaneti yetu mnaijua na umeme mnaujua, mimi natumia bando la simu nawasha hotspoti. Gemu ya onlaini inayotaka ukwepe kwa wakati itachezeka kweli huku kwetu? Mliocheza naombeni ukweli.

mtu_wa_mikindani

Kaka kwenye hela usiwaze sana maana ile dola 30 hailiwi, unarudishiwa pointi za thamani ile ile ndani ya gemu, na hizo pointi unanunulia tabu za stoo ambazo ukifika mbali utazihitaji tu, vitu vinajaa mpaka hujui uweke wapi. Kulipa tengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu, unaweka hela unalipa Steam, lile duka la gemu za kompyuta, imeisha.

Kuhusu majaribio, ilipofunguliwa Desemba 2024 kulikuwa na akti (sehemu za hadithi) tatu tu kati ya sita zilizopangwa, unazimaliza halafu unazirudia kwa ugumu zaidi, na wahusika sita kati ya 12. Aprili 2025 akaja Huntress wa mkuki, Agosti wakaleta akti ya nne na ule urudiaji ukaondoka. Kwa hiyo inatembea, sio gemu iliyotelekezwa.

Kilichonishika mimi ni mawe ya skili, yaani mapigo na uwezo wa mhusika wako. Unaokota jiwe halijachongwa, unachagua mwenyewe liwe skili gani, halafu unapachika mawe ya kusaidia kwenye skili yenyewe. Kwenye Path of Exile ya kwanza matundu ya kupachika mawe yalikuwa kwenye nguo, ukipata koti zuri lisilo na matundu unabaki unaliangalia tu. Hii unavaa nguo mpya muda wowote na skili zako hazivurugiki. Na ukikosea ule mti wa pointi za kumuongezea mhusika nguvu unalipa dhahabu ya kwenye gemu unarekebisha, kwa hiyo jaribu vitu bila woga.

dada_mitwero

Nacheza nikiwa Lindi, na mimi hotspoti hivyo hivyo, kwa hiyo hili la mtandao niachieni mimi.

Inachezeka. Ila kuna mambo lazima uyaseti kabla hujaanza kulaumu mikono yako. Kwanza lango la seva, yaani seva ya nchi gani unaunganishwa nayo. Watu wanaona Afrika Kusini iko karibu kwenye ramani wanachagua hilo wanafunga, wakati data yako inaenda Dar kwanza ndo inaingia nyaya za baharini, na njia hizo zinabadilika. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya zilivyokatika huko kusini intaneti ikayumba nchi nzima? Siku kama hizo lango la Ulaya linaweza kukufaa kuliko la jirani. Angalia namba za pingi (muda data inaochukua kwenda kwenye seva na kurudi) siku unayocheza, usiende kwa mazoea.

Pili, na hili ndo kubwa, nenda kwenye mipangilio tafuta networking mode. Kuna Lockstep na kuna Predictive. Lockstep gemu inasubiri seva ijibu kila unachofanya, mtandao ukiwa mzuri ni tamu sana maana unachokiona ndicho kilichopo, lakini hotspoti ikipepesuka kidogo tu kila kitu kinaganda. Predictive kompyuta yako inakisia kwanza unatembea bila kuganda, ila wakati mwingine unadhani umekwepa kumbe seva ilishakuhesabu umepigwa. Mimi pingi ikiwa imetulia hata kama ni kubwa naweka Lockstep kwa mabosi, maana kwa bosi nataka kuona mkono wake ulipo kweli, sio pa kukisia. Mtandao ukiwa unaruka ruka naweka Predictive na siendi kwa bosi, naokota okota vitu tu.

Tatu, ukicheza peke yako gemu hii inapozi! Simu ikiita, mama akikutuma, unabonyeza Esc kila kitu kinasimama. Gemu za onlaini za hivi ni chache sana zinakupa hiyo na kwa maisha yetu mimi naithamini kuliko silaha yoyote.

Na usiguse Hardcore, ile hali ya kufa mara moja tu. Bando likiisha katikati ya vita mhusika wako anabaki amesimama pale mpaka seva imtoe, kwenye hali ya kawaida ukifa kwenye hadithi unarudi tu kwenye chekipointi, mbele kwenye ramani za mwisho ndo kufa kunakula XP, zile pointi za kupanda levo.

newala_juu

Mimi namshauri asubiri, na sio kwamba gemu mbaya, ni nzuri mno. Ila ikiwa kwenye majaribio mizani ya nguvu za skili inabadilika. Ile apdeti ya Aprili 2025 skili nyingi zilishushwa nguvu, watu wengi walilalamika, mtu amejenga mhusika wake vizuri anakuta kasi imeondoka. Kwa anayepima kila shilingi ya bando hilo ni jambo zito. Hela ya korosho ikiingia akaamua kununua sawa, lakini ajue ananunua kitu kinachojengwa.

Akinunua basi asidaunilodi kwa bando, ni makumi ya GB na wenyewe wanasema tenga GB 100 kwenye diski. Kaka, mshkaji wako wa Chikongola si anayo? Nenda na hadidiski, kopi foda lote la gemu, liweke kwenye steamapps, ndani ya common, halafu bonyeza install, Steam italikagua na kushusha kilichopungua tu. Kucheza kwenyewe hakuli data ya kutisha, kinachoumiza ni hizo apdeti kubwa.

baharia_shangani

Dah asanteni sana, hilo la hadidiski sikulijua kabisa, na la kupozi limenimaliza. Newala nakuelewa lakini moyo umeshaenda, nanunua mwisho wa mwezi. Dada, kwa hotspoti nianze na nani? Nilitaka Warrior maana naipenda ile nyundo.

dada_mitwero

Nyundo inachelewa kushuka kaka, ukiongeza na pingi yako bosi atakuwa keshahama. Anza na Ranger, unapiga mshale huku unatembea, unakaa mbali, mtandao ukichelewa kidogo bado una nafasi ya kukwepa. Warrior utamrudia ukishazijua ngumi za mabosi.

Na pale Clearfell, eneo la mwanzoni, usimruke bosi anaitwa Beira, ukimuua anakupa kinga ya baridi asilimia 10 ya kudumu. Ongeza pete ya sapphire juu yake. Mwisho wa akti ya kwanza unakutana na Count Geonor, anageuka mbwa mwitu na vipigo vyake ni vya baridi, wengi wanamlaumu mtandao pale kumbe wameingia hawana kinga yoyote. Ukifika kwake niambie, nitaingia tumpige wote.