Wakuu, moshi unavurugika ndani ya handaki langu la upepo. Nimekosea wapi?

Koo30
Habari za jioni wakuu. Niko Arusha, mwaka wa mwisho chuoni. Mradi wangu ni handaki dogo la upepo la kupimia mabawa ya kinu cha umeme. Mdomo wa kuingizia hewa ni sentimita 90 kwa 90, unabana hadi koo la 30 kwa 30 ambako bawa linakaa, kisha mkia unafunguka hadi kwenye feni ya sentimita 60 inayonyonya. Nikiwasha ubani mbele ya mdomo, moshi unaingia umenyooka kama uzi. Ukifika katikati ya koo unaanza kutetemeka, na namba ya mizani inayopima nguvu ya hewa kwenye bawa hairudi mahali pamoja mara mbili. Nawasilisha baada ya wiki tatu. Je, nibadilishe umbo la mdomo?

Babu Tela
Kijana, sisi tulipepeta mahindi kwa ungo, upepo ukigoma unapiga mluzi. Jaribu.

Ribiti
Mdomo wako hauna shida. Eneo limepungua mara 9, kwa hiyo hewa ya kooni inakimbia mara 9 ya ile ya mdomoni. Wengi hukaa kati ya 6 na 9. Masega ya kunyoosha hewa umetengeneza na nini? Na mkia una urefu gani?

Koo30
Masega ni mirija ya soda, milimita 6, nimeipanga mizima, sentimita 20. Na mdomo fundi aliukunja taratibu, hauna kona kali. Ndiyo maana nauliza kama mkunjo ungekuwa mrefu zaidi.

Mama Vitumbua
Kwani chuo hakiwapi vifaa? Mwanangu naye mradi ulimla laki tatu, alama wakampa C. Soma kwanza, mambo ya ndege utayakuta kazini.

Ribiti
Mirija ikate. Urefu wa mara 6 hadi 8 ya kipenyo unatosha, yaani sentimita 4 au 5. Kwa 20 unaichosha feni bure. Nyuma yake weka wavu mwembamba wa dirisha. Sasa mkia?

Koo30
Asante mkuu. Mkia ni wa kawaida tu.

Ribiti
Kawaida ya nani? Sentimita ngapi?

Koo30
120.

Ribiti
Ungesema hilo tangu mwanzo tungekuwa tumeshalala. Kutoka 30 hadi 60 kwa sentimita 120, mkia umefunguka kwa pembe ya nyuzi 14. Hewa inayopungua mwendo haipendi kutanuliwa kwa haraka. Inaachia ukuta, inageuka nyuma, na vurugu hiyo inasikika hadi kooni. Kwa nyuzi 6 ulihitaji karibu mita 2.9.

Koo30
Mita 2.9 haziingii kwenye Kirikuu, wala chumba changu Sakina hakizifiki. Bati limeshakatwa na limeshapigwa ribiti, fundi wa Unga Limited nimemlipa yote. Halafu ndugu wawili Wright, wale wa ndege ya kwanza, mwaka 1901 sanduku lao lilikuwa na urefu wa mita 1.8 tu na walipima mabawa karibu 200.

Ribiti
Lao lilikuwa sanduku lililonyooka, feni ikipuliza kutoka mbele. Hawakuwa na mkia kama wako. Usimtumie marehemu kuficha bati.

Babu Tela
Fundi kulipwa yote kabla ya kazi kujaribiwa! Mimi mmoja alinichomelea geti likafunguka upande wa barabarani. Mwaka wa nne huu, wageni wanarudi nyuma hatua mbili ndipo waingie.

Hesabu Haidanganyi
Samahani, nakatisha. Sentimita 90 kwa 90 kwa mirija ya milimita 6 ni zaidi ya mirija 22,000. Mwanafunzi wa chumba kimoja Sakina kaipanga yote? Hii ni chai. Tena wiki iliyopita huyu huyu alikuwa anauliza soko la kware.

Mama Vitumbua
Nilijua. Na mimi nimeshamhurumia.

Babu Tela
Chai ya tangawizi. Leteni maandazi.

Koo30
Kware ni wa mama. Mirija ilitoka duka la jumla la mama mdogo, katoni zilizolowa mvua. Nilipanga na wadogo zangu wawili kwa siku 11. Nyekundu ziliisha kabla ya nusu, tukaendelea na za mistari, safu tatu za juu ni nyeusi. Gundi iliniganda vidole hadi simu ikakataa kunitambua. Picha hiyo hapo. Nani angetunga hayo?

Hesabu Haidanganyi
Nimeikuza picha, nimehesabu safu moja: 148. Nafuta kauli. Kware wanaendeleaje?

Ribiti
Tuache kware. Mkia usiufumue. Kata vipande viwili vya bati, vichomeke ndani kama msalaba, kuanzia mwisho wa koo hadi karibu na feni. Utapata njia nne, kila moja inatoka 15 hadi 30 kwa urefu ule ule, nyuzi 7 hivi. Kingo za mbele zipige msasa zisiwe butu.

Koo30
Si zitaongeza msuguano?

Ribiti
Zitaongeza. Bora upoteze mwendo kidogo kuliko kupima vurugu.

Koo30
Wakuu nimerudi, siku ya tano. Msalaba umeingia, mirija nimeikata kwa msumeno wa chuma. Mama mwenye nyumba kagonga kuuliza ubani wa nini usiku, nikamfungulia akakaa robo saa anatazama. Moshi sasa unanyooka koo zima, isipokuwa kona moja ya chini kulia bado inacheza.

Ribiti
Upande huo huo, nje ya mdomo, pana nini?

Koo30
Kitanda changu, mkuu.