Mrejesho: pikipiki kukata pumzi kwenye resi kubwa

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kwa nini pikipiki yangu ya 125 inakata pumzi nikipiga resi, wakati ya jirani, 125 vilevile, bado inapanda. Fundi wa Ngamiani kaifungua, hakukuta ubovu wowote. Injini yangu ni nakala ya Honda CG125: kamshafti (shafti inayozunguka na kufungua valvu, yaani milango ya hewa na moshi ya injini) iko chini, valvu zinasukumwa na fito. Fito zina uzito. Resi ikizidi, springi inayoirudisha valvu haiwahi kuifunga, ndipo injini inakata pumzi. Ya jirani kamshafti iko juu kichwani, fito hazipo. Nikataka springi ngumu zaidi, fundi akacheka: "Utaila kamshafti," yaani mkandamizo wa springi ungeimaliza mapema. Nikaacha. Jumapili nimepanda mlima kwenda Amani kutoka Muheza, gunia la mchele nyuma, gia ya pili, resi ndogo tu. Imevuta bila kulalamika.