"Msijali wapendwa, tumewahi machweo" – kweli hii ndiyo safari ya Mtakatifu Katarina?

Begi_La_Mgongoni (mleta mada)

Wakuu, salamu baadaye. Basi bado liko milimani linashuka kuelekea mji wa Dahab na naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira.

Yule mwongozaji wetu, jamaa wa maikrofoni, mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa kofia ya pama na fimbo yenye kitambaa cha njano, anayehesabu abiria kwa kuwagusa utosini kama anahesabu mbuzi. Leo kasimama chini ya ukuta wa Monasteri ya Mtakatifu Katarina huku Sinai, Misri, geti limefungwa nyuma yake, hata paka haingii, akageuka, akatoa meno yote thelathini na mawili, akasema: "Msijali wapendwa, tumewahi machweo."

MACHWEO. Saa 6 na dakika 5 mchana. Jua liko utosini, kivuli cha mtu kimejificha chini ya viatu, anasema tumewahi machweo. Na basi linaondoka saa 8!

Hesabu ni hii, mtoto wa darasa la pili aipige. Kutoka Sharm el-Sheikh ni kilomita zaidi ya 200: unafuata barabara ya Dahab, ukishaipita unakata kushoto kuingia milimani. Bila vituko ni mwendo wa saa 3. Geti la watawa linafunguliwa saa 3 asubuhi na kabla ya adhuhuri limeshafungwa. Ijumaa na Jumapili hakuna kuingia, sikukuu za Waorthodoksi pia hakuna. Hiyo siyo siri ya kanisa, kila mwenye basi anaijua.

Sasa basi letu. Abiria wa kwanza kachukuliwa saa 12 asubuhi, wa mwisho saa 1 na nusu, maana tulizunguka hoteli moja moja nikadhani tunaandikisha wapiga kura. Halafu duka la mafunjo na manukato: dakika 55. Hamsini na tano! Justinian, mfalme wa Constantinople aliyeijenga hii monasteri, angekuwa ameshamaliza mnara mmoja. Halafu vizuizi vya polisi, dakika 25 za ziada kwa sababu kuna mtu kaacha pasipoti hotelini. Jumlisha mwenyewe: saa 5 na dakika 50 ndiyo tunaegesha. Kutoka maegesho hadi ukutani ni robo saa kwa miguu. Na jamaa anatembea mbele na kifimbo chake, hana haraka, anatuonyesha mawe. "Hili ni jiwe." Asante.

Halafu ndiyo hayo machweo.

---

Kokoto_Jekundu

Kwanza picha. Hakuna picha hiyo ni chai. Na mtandao umeupata wapi huko korongoni?

---

Begi_La_Mgongoni

Picha ipo ya ukuta. Granaiti. Jiwe moja, jiwe la pili, jiwe la tatu. Nimepiga 60. Zote zinafanana.

---

Mtawa_Mstaafu

Pole mkuu, lakini hasira zako zipunguze kidogo. Hata ukiingia huoni kila kitu. Mgeni wa mchana anapewa basilika (kanisa lenyewe), kisima cha Musa, kijiti kinachosemekana ndicho kilichowaka moto, na jumba la makumbusho. Ndani ya basilika unasimama kwenye ukumbi wa kati, na ile mozaiki ya karne ya 6 ya Yesu kugeuka sura iko mbele kabisa juu ya madhabahu, nyuma ya ukuta wa ikoni, zile picha takatifu, na msitu wa taa zinazoning'inia. Unanyoosha shingo kama twiga, unaona nusu ya nabii mmoja. Na kupiga picha humo ndani hairuhusiwi.

Ulichokikosa kweli ni makumbusho. Ikoni ya Kristo ya karne ya 6, iliyochorwa kwa nta ya moto, uso upande mmoja mpole na upande wa pili mkali. Zipo chache mno za umri huo, kwa sababu nyingi zilichomwa karne za 8 na 9 wakati wafalme wa Constantinople walipopiga marufuku ikoni. Sinai haikuguswa kwa kuwa tayari ilikuwa chini ya utawala wa Kiislamu.

---

Begi_La_Mgongoni

Kwa hiyo nimekosa hiyo ikoni, nikapewa machweo ya saa 6 mchana. Asante kwa kuongeza chumvi kwenye kidonda.

---

Jani_La_Mgomba

Mwaka 1844 msomi Mjerumani, Tischendorf, alikuja hapo bila basi, bila maikrofoni, akaondoka na karatasi 43 za Biblia ya karne ya 4. Akarudi 1859 akabeba sehemu kubwa ya iliyobaki, ikaenda Urusi, na mwaka 1933 Waingereza wakainunua kwa pauni 100,000. Wewe umekuja na basi la kiyoyozi umeondoka na jani la mgomba, funjo bandia lenye picha ya Farao Tutankhamun. Sasa nani katapeliwa?

---

Begi_La_Mgongoni

Sijanunua funjo mimi!

---

Jani_La_Mgomba

Dakika 55 dukani hujanunua? Uliyanusa?

---

Begi_La_Mgongoni

Mawili tu. Ya zawadi.

---

Kokoto_Jekundu

😂😂😂 Mleta mada kapigwa kila upande.

---

Fundi_Mafunjo

Yainue kwenye mwanga wa dirisha sasa hivi. Funjo halisi linaonyesha nyuzi zilizopishana, wima na mlalo, kwa sababu vipande vya bua vinapangwa tabaka mbili ndipo vinakandamizwa. Nyuzi hizo hazilingani, moja nene, nyingine nyembamba, na pana madoa ya kahawia. Ukiona mistari imenyooka kama daftari la hesabu, hilo ni jani la mgomba. Kisha livingirishe taratibu. La kweli linajikunja na kujirudi, la mgomba linapasuka kwenye kona.  

Dukani watakuonyesha bua halisi likilowekwa na kupondwa mbele yako. Onyesho ni la kweli. Kinachofungashwa kaunta ya pili ndicho cha kuangalia.

---

Begi_La_Mgongoni

Moja limepasuka.

---

Mtawa_Mstaafu

Tukiwa bado hapo, jamaa kawaambia monasteri ilijengwa lini?

---

Begi_La_Mgongoni

Mwaka 527. Kwa maikrofoni. Mara tatu.

---

Mtawa_Mstaafu

Nilijua. 527 ni mwaka Justinian alipoanza kutawala, wao wanaubandika kila mahali. Boriti za paa la basilika zimechongwa maandishi: moja inamtaja mfalme kama mtu aliye hai, nyingine inamtaja malkia Theodora kama marehemu. Theodora alifariki 548, Justinian 565. Kwa hiyo paa liliwekwa kati ya miaka hiyo miwili. Boriti ya tatu inamtaja fundi mwenyewe, Stefano wa mji wa Aila. Jengo limeandika tarehe yake, halafu mtu anasimama chini yake anabahatisha.

---

Ngamia_Hana_Breki

Tuseme ukweli, kosa ni la kipeperushi. Kimeandika "monasteri, Jebel Musa, korongo la rangi na Dahab" kwa siku moja na mnaamini? Jebel Musa ni mlima wa mita 2,285. Kuna ngazi 3,750 za toba, au njia ya ngamia ambayo inaishia kwenye ngazi 750 za mwisho, hapo ngamia anageuka na wewe unaendelea na magoti yako. Kupanda saa 2 na nusu hadi 3, kushuka kama 2, na hupandi bila mwongozaji wa Kibedui. Wanaotaka macheo wanaanza usiku wa manane. Kipeperushi kikiandika "mandhari ya Jebel Musa" maana yake ni dirisha la basi.

Na korongo la rangi liko upande wa Nuweiba, kwenye mchanga, linafikiwa kwa magari yanayosukuma kwa magurudumu yote manne. Basi la viti arubaini na kitu likiingia pale litatolewa na wanaakiolojia.

---

Begi_La_Mgongoni

Sawa, lakini hata mandhari ya dirisha yamepatikana? Vioo vya giza, pazia la zambarau, na jamaa anasimama katikati ya kioo cha mbele akisema "kushoto kwenu jangwa, kulia kwenu jangwa". Halafu anakuja kuniambia nimewahi machweo.

---

Bibi_Pasipoti

Mnamsema yeye tu. Huyo aliyeacha pasipoti mbona hamumsemi? Dakika 25 ni zake.

---

Nakala_Ya_Simu

Nakala kwenye simu ni pasipoti pia. Ni roho mbaya tu za hapo kizuizini.

---

Bibi_Pasipoti

HUYU HAPA! Kajitokeza mwenyewe!

Mwanangu, kizuizini wanataka kitabu chenyewe. Mwongozaji ana karatasi yenye majina na uraia wa kila abiria, askari anapanda, anahesabu vichwa, anafungua vitabu kadhaa kwa kuchagua. Kichwa kimoja kisicho na kitabu, basi zima linawekwa pembeni mpaka simu zipigwe. Na wanaoingia kwa ule muhuri wa bure wa Sinai wa siku 15, unawatosha kwa Mtakatifu Katarina, Dahab, Nuweiba na Taba, ila muhuri huo hauwafikishi Cairo. Kila wiki kuna mtu analilia kizuizini kwa hilo.

---

Nakala_Ya_Simu

Sawa mama, nimekosa. Lakini dakika 55 za mafunjo siyo zangu.

---

Kaa_Kushoto

Wote mnaongea, hakuna aliyetaja viti. Hii njia abiria wa kulia anachomwa mara mbili. Asubuhi basi linaelekea kaskazini, jua liko mashariki, yaani kulia. Jioni linarudi kusini, jua limehamia magharibi, kulia tena. Kushoto ndiko kwenye kivuli, kwenda na kurudi. Misri magari yanatembea upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva yuko kushoto: kaa nyuma yake.

---

Kokoto_Jekundu

Na milango iko kulia. Wa nyuma ya dereva ndiye wa mwisho kushuka. Ukifika chooni foleni imeshazunguka jengo.

---

Kaa_Kushoto

Bora foleni ya choo kuliko kubanikwa njia nzima.

---

Ngamia_Hana_Breki

Mleta mada kakaa upande gani?

---

Begi_La_Mgongoni

Kulia. Kiti cha 16. Dirishani.

Jamani turudi kwenye mada. MACHWEO.

---

Bibi_Pasipoti

Na mlivaaje? Maana nimewaona wengine na kaptula na ndala. Pale mabega na magoti yanafunikwa, na ni zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Majira ya baridi maji yanaganda usiku. Mtu anatoka ufukweni Sharm kama anaenda kuogelea, akifika anatetemeka mpaka meno yanapiga ngoma.

---

Jani_La_Mgomba

Zamani ukichelewa wala usingesimama getini. Kwa karne nyingi mlango ulizibwa, wageni wakavutwa juu ya ukuta kwa kamba. Napendekeza jamaa wa maikrofoni avutwe hadi nusu, aachwe hapo mpaka machweo.

---

Mtawa_Mstaafu

Kwenye nyumba ya mifupa bustanini yupo Stefano mwingine, mtawa, mifupa yake imevalishwa joho. Enzi zake, karne ya 6, ndiye alikuwa analinda njia ya kupanda mlimani. Bado yuko zamu kuliko jamaa yenu.

---

Kiti_13

Samahani kuingilia. Naona mleta mada yumo kwenye basi hilihili. Kuna mwingine anayedondoshewa maji na kiyoyozi? Tangu tuanze kushuka nimeloa bega zima.

---

Fundi_Kiyoyozi_Basi

Hiyo ni ya kawaida. Kipozeo kiko juu ya paa, unyevu unageuka maji, yanakusanyika kwenye trei na kutoka kwa mipira midogo inayopita ndani ya nguzo za dirisha hadi chini ya basi. Vumbi la jangwa likichanganyika na manyoya ya pazia, mpira unaziba, trei inafurika. Mkiwa mnapanda maji yanakimbilia nyuma, mkishuka yanakuja mbele. Ndiyo maana asubuhi hukuloa.

Mwambie dereva mkisimama apulize mpira wa upande wako kwa upepo wa kompresa, kutoka chini kwenda juu, taratibu. Akipuliza kwa nguvu unachomoka kwenye trei, hapo mtaoga.

---

Kokoto_Jekundu

Na kwa nini kiyoyozi kinakata kwenye mlima? Safari yangu mimi walizima kabisa kama dakika 20.

---

Fundi_Kiyoyozi_Basi

Kompresa ya kiyoyozi inakula nguvu ya injini. Mlima mrefu, joto la nje, basi limejaa, mshale wa joto la injini unapanda. Dereva anachagua nyie mtoke jasho au rejeta ichemke. Hapo namuunga mkono.

---

Kaa_Kushoto

Kiti cha 13 ni kushoto. Kwa mara ya kwanza kulia kuna faida.

---

Begi_La_Mgongoni

Hivi kuna mtu bado anasoma malalamiko yangu?

---

Nakala_Ya_Simu

Malalamiko gani? Ya maji?

---

Kiti_13

Tumesimama Dahab, dereva kapuliza. Kwangu kumekauka kabisa. Asante fundi, ubarikiwe.

---

Begi_La_Mgongoni

Fundi, sasa linadondoka kiti cha 16.

---

Fundi_Kiyoyozi_Basi

Kapuliza upande mmoja tu au yote miwili?