Tupeane uzoefu: wikiendi ya sanaa na burudani kwa sisi wa daladala

Wakuu, kila nikiuliza pa kwenda wikiendi naambiwa "ni karibu tu, unakata kulia, na maegesho yapo ya kutosha". Maegesho ya nini, mimi nakaa Mbagala, Dar es Salaam, na gari langu lina konda! Naomba tupeane uzoefu: maonyesho, ngoma, muziki, michoro, chochote ambacho mtu anafika kwa daladala, mwendokasi au pantoni. Taja kituo cha kushuka, na zaidi ya hapo sema unarudije. Kwenda huwa hakunishindi, shughuli ni kurudi.

Naanza. Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Shuka Kivukoni, utembee. Jumapili Posta inakuwa nyeupe, unavuka barabara bila kukimbia. Wanangu nilitaka waone fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa kale, lile lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Wakalitazama, mdogo akauliza mwenye meno makubwa hivyo alikuwa anapiga mswaki na nini, kisha wote wakahamia kwenye magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. Huko ndiko tulikomalizia muda. Kurudi ni mchana, hakuna presha. Tukiwa na nguvu tunapanda pantoni kwenda Kigamboni na kugeuza nayo. Kwa watoto hiyo nayo ni burudani kamili.

Mzee wa Mpingo: Mkuu, umesahau Mwenge. Ukishuka stendi, vinyago viko mwendo wa miguu tu na hakuna kiingilio. Usiende kununua, nenda kukaa. Salimia vizuri, omba kuangalia fundi akifanya kazi. Gogo la mpingo likichongwa utaona pembeni mti una rangi ya maziwa, weusi uko katikati, na fundi mzuri huuacha huo weupe makusudi uwe kilemba au ukingo wa nguo. Ukitaka kununua, kiinue kwanza, maana mpingo ni mzito. Halafu lowesha kidole usugue chini, pale kinaposimamia. Kidole kikitoka cheusi, umeuziwa mti mwingine uliopakwa kiwi. Kurudi? Mwenge pale unakosaje gari.

Mama Kulwa na Doto: Sisi ni Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama. Nyumba za makabila mbalimbali, unaingia ndani kabisa, watoto wanainama mlangoni. Ngoma huchezwa alasiri za wikiendi, ila ulizeni kabla ya kutoka nyumbani. Tatizo letu lilikuwa kurudi Gongo la Mboto. Konda mmoja alikatisha ruti Buguruni, eti gari bovu, nauli kashaikusanya yote. Tukashuka na watoto wamelala. Kugeuka nyuma, gari bovu linapakia watu wa kurudi Makumbusho! Siku hizi mimi natoa nauli nikishavuka Tazara. Akinuna, anune.

Mzee wa Mpingo: 😂 Mama Kulwa usiwafundishe watu, tutakosa magari.

Wa Tao, Nairobi: Wadau, huku kwetu burudani huanza ndani ya matatu. Nganya za Rongai, yaani matatu zilizopambwa, zimechorwa mwili mzima, muziki mpaka kifua kinatetemeka, na hujalipa kiingilio popote. Ukishuka tao, katikati ya jiji, tembea hadi Nairobi Gallery, kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Jengo ni la 1913, zamani watu walikuwa wakiandikisha hapo vizazi, ndoa na vifo. Ndani kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais. Kimya kabisa, na barabara iko hapo nje inanguruma. Jioni ukitaka mchezo wa kuigiza, Kenya National Theatre iko Harry Thuku Road, si mbali. Kurudi usiku ndio kesi: nauli inapanda mvua ikinyesha, na makanga hana huruma.

Rangi za Baiskeli: Wapenda michoro: panda daladala za Masaki, shuka Morogoro Stores, uliza Tingatinga. Mtaelekezwa. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini vijana bado wanachora kwa rangi ya mafuta ile inayong'aa, aliyoianza yeye. Ukikaa karibu harufu inakupanda kichwani. Angalia wanavyopiga madoa ya chui: doa moja moja, mkono hautetemeki, na huku anabishana Simba na Yanga.

Mkesha: Mnasema mchana tu. Wa usiku je? Nafasi Art Space, Mikocheni, pale kwenye makontena ya wasanii, muziki mzuri sana, ila ukitoka daladala zimeshaadimika. Sisi tunajikusanya wanne, bajaji moja hadi Mwenge, tunagawana. Na waandaaji wote wa mji huu, jamani: mnaandika saa kumi na mbili jioni, msanii anapanda saa tatu! Mwenye gari anasubiri. Mimi wa Bunju nasikia wimbo mmoja, naanza kutafuta njia.

Mama Kulwa na Doto: Hapo umenena mdogo wangu. Nimeshalipia maonyesho nikaishia kusikiliza wakijaribu vipaza sauti.

Mwenye uzi: Asanteni. Kuna aliyewahi kwenda Bagamoyo na kurudi siku hiyohiyo bila gari?

Mkesha: Inawezekana mkuu. Magari yako stendi ya Makumbusho, ni kama kilomita 65. Toka asubuhi. Anza magofu ya Kaole kwa bodaboda jua halijawa kali, mchana zunguka mji mkongwe, kisha TaSUBa, kile chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Tamasha lao ukilikuta sawa, lakini hilo huenda hadi usiku, tafuta pa kulala. Siku za kawaida saa kumi uwe stendi. Gari linasubiri lijae, na Tegeta ile foleni unaijua.

Mwenye uzi: Jumamosi ijayo basi. Nani anakuja, tukodi bodaboda za Kaole kwa bei ya jumla?