Kuna faida gani kumhoji mfanyakazi anayeacha kazi?

Mleta mada:
Habari zenu wadau. Mimi ni afisa rasilimali watu katika kiwanda cha kusindika vyakula hapa Dar es Salaam. Tangu mwaka uanze, wafanyakazi saba wa kitengo cha ufungashaji wameacha kazi, na barua zote saba zinataja "sababu binafsi". Nimependekeza tuwe tunamsikiliza kila anayeondoka kabla hajakabidhi vifaa, lakini mkurugenzi anauliza kuna faida gani kumhoji mtu ambaye ameshaamua kwenda zake. Nimjibu nini?

Mchangiaji wa kwanza:
Mweleze kwamba barua ya kuacha kazi huandikwa kwa tahadhari, kwa kuwa mwenye kuiandika bado anasubiri stahiki zake na anahitaji asemewe vizuri kwa mwajiri mpya. Nilipokuwa hotelini, wahudumu watatu wa zamu ya jioni waliondoka kwa hizo hizo "sababu binafsi". Wa nne nilimkaribisha chai, nikaweka kalamu kando, na baada ya kimya kirefu akaniambia kuwa zamu yao ilisogezwa hadi saa tano usiku ilhali gari la wafanyakazi liliendelea kuondoka saa nne, kwa hiyo kila usiku alilipia bodaboda kutoka mfukoni mwake. Tulibadilisha muda wa gari, na zamu ile ikatulia.

Mchangiaji wa pili:
Naunga mkono, ila anayehoji asiwe msimamizi wake wa kila siku. Vilevile, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe anayeondoka malipo yake na cheti cha utumishi, hivyo usivishikilie kama rehani hadi akubali kuhojiwa. Sheria hiyo hiyo huhesabu kuwa ameachishwa kazi yule aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri alifanya mazingira ya kazi yasivumilike. Kama kuna manyanyaso pale kwenye ufungashaji, ni heri mkurugenzi ayasikie kwako mapema, angali na nafasi ya kuyakomesha, kuliko kuyasikia mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi niliwahi kuhojiwa nikiwa ndiye ninayeondoka. Nilieleza kwa uaminifu jinsi saa za ziada zilivyokuwa zikikatwa, na kesho yake mkuu wa idara aliyarudia maneno yangu kikaoni, neno kwa neno. Wenzangu waliobaki walijifunza kunyamaza, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Tafadhali, kusanya maelezo ya watu kadhaa kwanza, kisha upeleke hoja bila kumtaja msemaji.

Mleta mada:
Nashukuru sana. Wa nane anamaliza notisi yake ya siku 28 Ijumaa hii. Nimeiomba idara ya fedha ikamilishe malipo yake Alhamisi na cheti chake kiwe tayari, ndipo nimuulize kama yuko radhi tuzungumze.